Kutoka Uwanja wa Bujumbura hadi Mishamo

Aprili 29, 1972 uasi wa Wahutu ulilipuka kusini mwa Burundi, pembezoni mwa Ziwa Tanganyika. Rais Micombero akamwomba Rais Mobutu wa Zaire msaada, na askari wa miavuli wa nchi hiyo, kikosi kidogo tu, wakatua Bujumbura kulinda uwanja wa ndege. Ulinzi huo uliwapa askari wa Burundi nafasi ya kwenda mikoani, na walichokifanya huko kilipita mbali kuzima uasi. Wahutu zaidi ya 100,000 waliuawa ndani ya miezi michache, walimu na wanafunzi wakisakwa kwanza. Sidai kwamba bila Wazaire mauaji yasingetokea. Nadai kwamba Kinshasa haikuulizwa kitu, na matokeo ya kisiasa yakaangukia Mpanda, magharibi mwa Tanzania.

Kwa waliokimbia mauaji hayo, Serikali yetu ilifungua huko makazi ya Katumba, kisha Mishamo, mbali na mpaka kwa makusudi, katikati ya miombo yenye mbung'o. Familia zilifyeka msitu zikalima mahindi, maharage na tumbaku. Hata hivyo, kutoka nje ya makazi, hata kwenda kumwona ndugu, mtu alihitaji kibali cha Mkuu wa Makazi. Waliofukuzwa pamoja, wakakaa pamoja, wakazuiwa kwenda kwingine: wangezungumza nini jioni kama si Burundi? Mwaka 1980, humo humo Mishamo, Rémi Gahutu alianzisha chama cha Palipehutu. Tawi lake la kivita, FNL, ndilo lililokuwa kundi la mwisho la waasi kuweka silaha chini nchini Burundi, mwaka 2009.

Kwetu pia siasa iligeuka. Watu wapatao 162,000 wa Katumba, Mishamo na makazi mengine ya Ulyankulu walikubaliwa uraia wa Tanzania, kwa mpango wa kutawanywa mikoani. Mpango ukakwama, na vyeti vilipoanza kutolewa Oktoba 2014 wengi walikuwa bado kwenye mashamba yao. Leo ni raia wenzetu, na ni haki yao.

Tunayaandika haya kwa sababu nasi tunatuma majeshi. Vijana wetu walikuwa kwenye brigedi ya Umoja wa Mataifa iliyolisambaratisha kundi la waasi la M23 mashariki mwa Kongo mwaka 2013, na M23 ikarudi 2021. Kwa hiyo tunalitaka Bunge, kila jeshi linapovuka mpaka, liulize pia watakaokimbia watapokelewa wapi, watapewa haki gani, na nani atakaa mezani na walioshindwa. Wazee wa Katumba waitwe Dodoma watoe maelezo.