Mpokeaji Kwanza, Mpigaji Baadaye



Ndugu msomaji, wiki hii tunazungumza na wazazi na walezi juu ya jambo ambalo huenda baadhi yao wakaliona dogo: namna ya kuwafundisha vijana mpira wa wavu. Hatusemi kwa kuwa sisi ni mabingwa. Tunasema kwa kuwa tulikosea, na kosa letu lilimwangukia mtoto wa mtu.

Kamati ya msikiti wetu iliona vijana wa madrasa wakitawanyika kila baada ya Alasiri, na baadhi yao wakiishia vijiweni. Ikakubaliwa kwamba eneo la wazi nyuma ya madrasa litumike kwa michezo. Mpira wa wavu ulichaguliwa kwa sababu nyepesi. Uwanja wake ni mita 18 kwa 9 tu, na wavu huzitenganisha timu, hivyo hakuna kukwatuana wala kuumizana miguu. Jukumu la kufundisha tukapewa sisi katibu, kwa hoja moja tu kwamba tuliwahi kucheza tukiwa chuoni. Kumbe kucheza ni elimu moja na kufundisha ni nyingine.

Tulianza na kile ambacho vijana wanakipenda, yaani kuruka juu ya wavu na kuupiga mpira chini kwa nguvu. Kila jioni walipanga foleni, tukawarushia mpira, wakaupiga, wenzao wakashangilia. Wazazi waliopita njiani walisimama kutazama. Nasi tukadhani kwamba tumekuwa makocha.

Ikaja mechi ya kwanza, dhidi ya vijana wa mtaa wa jirani. Mwanzishaji wao alikuwa na jicho kali. Aliona upesi kwamba kijana wetu mmoja wa miaka 14, aliyesimama nyuma upande wa kushoto, hajui kuupokea mpira. Akampelekea wa kwanza, ukamtoka. Akampelekea wa pili, wa tatu, wa nne. Kanuni za mchezo huu hazina huruma mahali hapo: upande unaopata pointi huendelea kuanzisha kwa mkono wa mtu yule yule, na timu iliyo upande wa pili haizunguki nafasi zake mpaka ijipatie pointi. Kwa hiyo kijana yule alibaki amesimama pale pale, kama aliyefungwa kwenye nguzo, na mipira ikaendelea kumfuata.

Kocha ana haki ya kusimamisha mchezo mara mbili katika kila seti, sekunde 30 kila mara. Sisi tulizitumia zote mbili kumgombeza mtoto yule mbele ya wenzake. Kisha tukamtoa. Seti ile tulifungwa 25 kwa 9, na tukarudi nyumbani tukiamini kwamba tumejua nani aliyetuangusha.

Siku mbili zikapita, hakuja mazoezini. Wiki ikapita, hakuonekana hata madrasa. Hapo ndipo tulipoingiwa na hofu, kwani mchezo ulioanzishwa ili kumweka kijana karibu na msikiti sasa ndio uliomfukuza. Tukafunga safari mpaka kwao. Mzee wake alitukaribisha barazani kwa heshima, akatusikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja: “Ustadhi, kupokea ulimfundisha akashindwa, au hukumfundisha?”

Hatukuwa na jibu la papo hapo. Lakini kazi ya ukatibu imetuzoesha kuandika kila jambo, na mazoezi nayo tulikuwa tukiyaandika. Usiku ule tulifungua daftari. Tangu tuanze tulikuwa tumefanya mazoezi mara 22. Zoezi la kupiga lilikuwamo siku zote 22. La kupokea tuliliandika mara tatu, na mara mbili kati ya hizo tulilikatisha kwa sababu vijana walichoka nalo. Mtoto hakushindwa somo. Somo hakupewa.

Tulimwomba radhi. Na kwa kuwa tulimfedhehesha mbele ya wenzake, hatukuona haki kumwomba radhi sirini. Siku aliporudi tuliwakusanya wote, tukasema mbele yao kwamba kosa la siku ile lilikuwa letu. Baadhi walishangaa kumsikia Ustadhi akisema hivyo. Yeye aliinamisha kichwa tu, kisha akaenda kusimama kwenye nafasi yake.

Tangu hapo tulianza kujifunza upya, nasi tunamwandikia hapa yeyote aliyekabidhiwa vijana. Timu huruhusiwa kuugusa mpira mara tatu kabla ya kuuvusha: mmoja anapokea, wa pili anauinua karibu na wavu, wa tatu anapiga. Mguso wa kwanza ukiharibika, mwinuaji hana cha kuinua, na mpigaji hodari hubaki mtazamaji. Basi anza na kupokea. Mikono huunganishwa, viwiko hunyooshwa, vidole gumba hulala sambamba, na mpira hugusa kati ya kifundo cha mkono na kiwiko. Magoti hukunjwa. Mikono haipungwi, nguvu hutoka miguuni. Na miguu ndiyo hutangulia: kijana auendee mpira mpaka uwe mbele ya kifua chake, asiunyoshee mkono kwa mbali.

Mrushie kwanza kwa mkono kutoka mita tatu. Akizoea, rudi mita sita. Mpira wa kuanzishwa kutoka mstari wa nyuma, mita tisa toka kwenye wavu, uje mwisho. Mweke mwenzake karibu na wavu awe ndiye shabaha, na uhesabu mipira inayomfikia bila yeye kuhama. Hesabu hiyo humfundisha kijana kuliko makelele ya kocha.

Katika kuipanga timu, wanaoanza tuliwasimamisha watano wapokee kwa pamoja, watatu mbele kidogo na wawili nyuma katikati ya nafasi zao, na wa sita, mwinuaji, akasimama penye wavu. Kila mmoja hubakiwa na kipande kidogo cha uwanja, na hakuna anayeachwa peke yake na uwanja mpana kama tulivyomwacha yule. Waliokubali kazi ya kuinua walikuwa wawili, nasi tuliwapanga wakabiliane katika mzunguko, ili kila timu inapozunguka mmoja wao awe mbele. Wanne waliobaki ni wapigaji. Mipango mingine ipo, lakini huu unawatosha watoto.

Na zile sekunde 30 sasa tunazitumia kwa maneno mawili tu: moja la kiufundi, kama vile “kunja magoti”, na moja la kumtuliza moyo. Zaidi ya hapo kijana hasikii kitu.

Tulicheza tena na mtaa ule. Tulifungwa, seti mbili kwa moja. Lakini mwanzishaji wao alipompelekea mpira kijana wetu, kama kawaida yake, mpira ulipanda taratibu ukatua mikononi mwa mwinuaji. Akampelekea tena, ukapanda tena. Mara ya tatu akatafuta mtu mwingine.

Wazazi wenzetu, mchezo huu una kanuni ya kuzunguka: kila timu inapoinyang’anya nyingine haki ya kuanzisha, wachezaji wake husogea nafasi moja. Hakuna mtoto atakayefichwa kona daima. Zamu yake ya kupokea itafika. Kwa hiyo mnapokuja kutazama, msiulize tu nani amepiga kwa nguvu. Ulizeni nani amepokea. Na mkitusikia sisi walimu tukimpigia kelele mtoto, tuulizeni swali la yule mzee. Tunalihitaji.

Mazoezi huanza baada ya Alasiri na humalizika mapema, ili kila mmoja apate muda wa kutawadha kabla ya Magharibi. Karibuni.

Wabillahi tawfiq.