Printa Moja, Lugha Tatu

Kesho mwanao anatakiwa kuwasilisha mradi wake chuoni, lakini printa ya nyumbani inatema karatasi zilizojaa alama zisizosomeka. Je, imeharibika? La hasha!

Uwe unaishi Langas au Elgon View, chanzo mara nyingi ni kimoja. Tarakilishi ya baba hutumia Windows, ya mwanafunzi Linux, na inayotuma kazi imewekewa programu ya printa ya aina nyingine. Wino hauna hatia. Futa kwanza kazi iliyokwama, kisha chagua programu inayolingana na jina na nambari ya printa yenyewe.

Isipotoa chochote, hakikisha tarakilishi zote ziko kwenye mtandao mmoja. Ile ya Windows iliyoshikana na printa isizimwe wala kulala, kwani ndiyo mlango. Linux hupita mlango huo kwa Samba, programu ya Andrew Tridgell wa Australia iliyotolewa mwaka wa 1992. Ukiombwa nenosiri, toa la akaunti ya Windows, si la Wi-Fi.

Kama printa ina Wi-Fi, iunganishe moja kwa moja na mtandao, itumie IPP, lugha ambayo Windows, Mac na Linux huielewa.

Usiku ukizidi, je? Hifadhi mradi kama PDF, uutie kwenye flashi, uuchapishe kutoka tarakilishi ya baba. Mhadhiri anangoja karatasi. Ugomvi wa mashine utasuluhishwa Jumamosi.

Tukutane Jumapili ijayo.