Fedha za urekebu zisiishie kwenye lango la gereza

Msamaha alioutoa Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 26 Aprili 2021, katika kuadhimisha Muungano, uliwagusa wafungwa 5,001. Kati yao 1,516 waliachiwa huru, na waliosalia walipunguziwa adhabu. Desemba 2019, katika sherehe za Uhuru jijini Mwanza, Rais John Magufuli alikuwa amewasamehe wafungwa 5,533. Misamaha ya namna hii hupunguza msongamano magerezani kwa siku moja. Swali gumu huanza kesho yake: nani anagharamia mwezi wa kwanza wa mtu aliyerudi uraiani mikono mitupu?

Ndani ya kuta, fedha za urekebu zinaonekana. Jeshi la Magereza, kupitia Fungu 29, lina chuo cha ufundi katika Gereza la Ruanda, Mbeya, na kiwanda cha viatu cha Karanga mjini Moshi ambacho ubia wake umeuhusisha Mfuko wa PSSSF. Mfungwa aliyejifunza kukata na kushona ngozi Karanga ana ujuzi wa kweli. Lakini mashine hubaki kiwandani. Akifika kijijini bila cherehani, bila ngozi na bila mtaji, ujuzi huo haumlishi, na njia anayoifahamu zaidi ni ile iliyompeleka gerezani.

Sheria zipo. Sheria ya Bodi za Parole ni ya mwaka 1994. Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002 humruhusu hakimu kumpa mhalifu ambaye kifungo chake hakizidi miaka mitatu kazi isiyo na malipo ya kuihudumia jamii, huku akilala nyumbani na kulea familia yake. Serikali huokoa gharama za kumlisha na kumlinda, lakini utaratibu huu hutegemea afisa probesheni anayeweza kumfikia mhalifu mahali alipo. Afisa huyo hagharamiwi na fungu la Magereza. Yuko chini ya Fungu 51, la Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi yenyewe. Kwa hiyo, akiba inayopatikana gerezani haimfikii yenyewe, isipokuwa Bunge liamue kuihamisha.

Chanzo kingine kiko katika halmashauri. Asilimia 10 ya mapato yao ya ndani hutengwa kwa mikopo isiyo na riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo imejengwa juu ya vikundi, na si rahisi kikundi kumdhamini mtu aliyetoka gerezani jana. Tena, mwanamume wa miaka 50 asiye na ulemavu hana nafasi kabisa katika mgawanyo huo. Kumwekea fungu dogo, linaloanzia kwenye orodha ya mkuu wa gereza miezi michache kabla ya kifungo kuisha, hakuhitaji kujenga gereza jipya wala kuajiri askari zaidi.