Kifaransa au Kijerumani: Uchaguzi wa Lugha ya Kigeni Mpakani Tunduma

Katika foleni ya malori inayoingia Tunduma kutoka Mbeya hamkosekani shehena iendayo Lubumbashi na Kolwezi. Aitazamaye foleni hiyo hufikia uamuzi wa haraka: kijana wa Songwe anayetaka lugha ya kigeni zaidi ya Kiingereza asome Kifaransa, kwa kuwa ndiyo lugha ya Kongo. Uamuzi huo waweza kuwa sahihi, ila sababu inayotolewa haitoshi.

Ng'ambo ya Tunduma ni Nakonde, na Nakonde ni Zambia. Huko lugha rasmi ni Kiingereza, na Kinyamwanga husikika pande zote mbili za mpaka. Kifaransa huanzia Kasumbalesa, siku kadhaa za safari mbele. Hata huko dereva wa Kitanzania hawi bubu, maana Katanga ni nchi ya Kiswahili. Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 inakitaja Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Kilingala na Kichiluba. Ni kweli kwamba Kiswahili cha Lubumbashi kimekopa sana kutoka Kifaransa, hata ofisi ikawa "biro" na hospitali ikawa "lopitali", lakini bei hupatanwa, tairi hubadilishwa na chakula huagizwa pasipo haja ya mkalimani.

Kwa hiyo Kifaransa kinachohitajika katika biashara hii si cha mdomoni, ni cha karatasini. Katiba hiyohiyo inakifanya Kifaransa kuwa lugha rasmi ya Kongo, na lugha rasmi ndiyo inayoandika tamko la forodha, ankara, mkataba, barua ya wakili na hukumu ya mahakama. Hapo Kiswahili cha dereva hakimsaidii tajiri wake. Neno *franchise*, kwa mfano, kwa aliyezoea Kiingereza cha biashara humaanisha kibali cha kutumia jina la kampuni nyingine. Katika hati ya forodha ya Kifaransa humaanisha msamaha wa ushuru. Tofauti ya maana hizo mbili ni fedha taslimu.

Tarakimu nazo zina mtego. Mtanzania akiandika kilo 28,500 amekusudia elfu ishirini na nane na mia tano. Msomaji wa Kifaransa hutumia mkato kutenga desimali, hivyo aweza kusoma ishirini na nane na nusu. Kijerumani nacho kina kawaida hiyo ya mkato, na juu yake hutenga maelfu kwa nukta, basi 28.500 ya Berlin ni elfu ishirini na nane na mia tano, wakati kwa mwalimu wa hesabu wa Vwawa ni desimali. Mfasiri anayehamisha maneno na kuziacha tarakimu zilivyo amefanya nusu ya kazi, nayo ni ile nusu isiyo na hatari.

Haja ya wasomaji wa karatasi hizo imekua. Kituo cha Pamoja cha Huduma Mpakani cha Tunduma na Nakonde kilizinduliwa mwaka 2019, mwaka uleule ambao SADC ilikikubali Kiswahili kuwa lugha yake rasmi ya nne baada ya Kiingereza, Kifaransa na Kireno. Kongo ikaingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na Kifaransa kimekubaliwa kuwa lugha rasmi ya Jumuiya hiyo. Anayeweza kufasiri kati ya Kifaransa na Kiswahili moja kwa moja, bila kupitia Kiingereza, bado ni adimu. Songwe, yenye wakala wa forodha karibu kila mtaa wa mpakani, ina sababu ya kumtafuta.

Kijerumani si mgeni katika eneo hili. Mpaka wenyewe ulichorwa na Waingereza na Wajerumani katika makubaliano ya mwaka 1890. "Shule" ni neno la Kijerumani, na "hela" imetokana na *Heller*, sarafu iliyoanza kutumika koloni hilo likiwa chini ya Wajerumani mwaka 1904. Wazee walimwita Mjerumani "Mdachi", kutokana na *deutsch*. Mfasiri wa maandishi ya kale asimdhanie kuwa Mholanzi. Lakini urithi wa maneno haumpi mtu kazi. Kinachowavuta vijana leo ni soko la ajira la Ujerumani, nchi inayozeeka na inayohitaji wauguzi, mafundi umeme na madereva. Kenya ilitia saini makubaliano ya uhamiaji wa wafanyakazi na Ujerumani Septemba 2024, na habari hiyo haikuishia Namanga.

Hapa neno moja linastahili uangalifu: *Ausbildung*. Anayelifasiri kuwa "ufadhili wa masomo" anapotosha. Ni mafunzo ya ufundi yanayofungamana na mkataba wa kazi, kwa kawaida kati ya miaka 2 na 3 na nusu, mwanafunzi akigawanya muda wake kati ya darasa na mahali pa kazi huku akilipwa posho. Mwajiri anaweza kuuvunja mkataba katika kipindi cha majaribio. Mzazi aliyeambiwa "ufadhili" hauulizi mkataba huo. Aliyeambiwa "mafunzo ya kazini kwa mkataba" atauliza nani anatia saini, na kwa masharti gani.

Kiwango cha lugha ndicho kikwazo kikubwa. Muuguzi anayetaka cheti chake kitambuliwe Ujerumani huhitaji kwa kawaida kufika B2, yaani kuweza kupokea maelezo ya mgonjwa na kuyaandika bila kusitasita. Hiyo si kazi ya miezi mitatu ya programu ya simu. Aliye Tunduma humlazimu kuitazama Dar es Salaam, iliko Goethe-Institut, zaidi ya kilomita 900 kwa barabara. Nauli na malazi ni sehemu ya ada hata kama hayakuandikwa kwenye fomu.

Kifaransa kina faida ya kuwa somo la mtihani wa taifa, kidato cha nne na cha sita, ilhali Kijerumani hakijapewa nafasi hiyo. Mwanafunzi wa kidato cha pili asiye na uhakika wa fani yake anapata zaidi kwa Kifaransa: kitaingia kwenye cheti, kitamfaa chuoni, na karatasi za kukisomea zinapita mlangoni pake. Binti aliyekwisha kuhitimu uuguzi, au fundi umeme mwenye cheti, yuko katika hesabu nyingine. Kwake Kijerumani ni nyongeza juu ya kitu alicho nacho, na miaka 2 ya kukisoma inaweza kulipa.

Hesabu zote hizo husimama pale shule inapokuwa na somo kwenye ratiba bila mwalimu wake. Mzazi anayezunguka Tunduma akitafuta nafasi ya kidato cha kwanza aanze na swali hilo: mwalimu wa Kifaransa yupo, na amedumu hapo kwa miaka mingapi?