WATOTO WOTE WAINGIE UWANJANI

Piteni katika shule ya msingi wakati wa kipindi cha michezo, mkaone wenyewe. Mpira ni mmoja, na wavulana 22 wanaukimbilia. Kama darasa lina watoto 50, basi 28 wameketi chini ya mwembe, na wengi wao ni wasichana. Halafu yaandikwa kitabuni kuwa darasa zima limecheza! Hicho si kipindi cha michezo, ni kipindi cha kutazama michezo. Na hapo ni penye nafuu. Kwingine kipindi chenyewe kimekwisha kuliwa na hesabu, au watoto wamepewa mafagio.

Wakoloni walipenda kuwapanga watoto mistari, wanyoshe mikono kwa moja, mbili, kama askari. Viungo vilinyoka, hapana shaka, lakini mtoto alijifunza kungoja amri. Mchezo wa kukimbizana hufundisha jambo jingine kabisa. Tazameni rede. Wawili husimama huku na huku wakirusha mpira wa matambara. Aliye katikati anakwepa, na huku anajaza mchanga katika chupa. Ainame au aruke? Lazima aamue mwenyewe, mara moja, wala hapana wa kumwambia. Akipigwa anatoka, zamu yake ikifika anarudi. Mtoto mwenye haya aliyeshangiliwa na wenzake kwa kukwepa mara kumi haoni tena taabu kubwa kuinua mkono darasani.

Mwili nao wafaidi: moyo, mapafu na mifupa hupata nguvu kwa kukimbia na kuruka. Shirika la Afya Duniani, katika miongozo yake ya mwaka 2020, lasema watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 za namna hiyo kila siku. Rede, kombolela na kuruka kamba havimgharimu mzazi hata shilingi.

Wapo wasemao kwamba twataka mabingwa, si michezo ya vichochoroni. Sawa, nasi twajivunia Filbert Bayi aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1500 mwaka 1974, na UMITASHUMTA yafaa iendelee. Lakini bingwa huchaguliwa kati ya waliokimbia. Katika wale 28 walioketi, nani ajuaye mwenye mbio ni yupi?

Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, alikataa shule iliyo kazi yake kuchagua wachache na kuwaacha wengi wakijiona wameshindwa. Yaliyokataliwa darasani tusiyakaribishe uwanjani.

Wazazi mlio katika kamati za shule, kikao kijacho ulizeni mambo mawili tu: wiki iliyopita watoto walicheza mara ngapi, na wasichana waliokimbia walikuwa wangapi.