Gemu isiyo na kitufe cha kumwokoa mgonjwa

Anayewasha gemu ya kompyuta huwa na tumaini moja kabla hata hajaijua hadithi yake: akikosea, atarudia. Shujaa akifa anaamka tena, na mara ya pili mchezaji anajua mtego uko wapi. Narcissu, hadithi fupi ya Kijapani iliyoandikwa na Tomo Kataoka na kutolewa bure mwaka 2005, inamnyang'anya msomaji tumaini hilo. Ni ya aina inayopendwa sana Japani: maandishi yanapita kwenye skrini, picha na muziki vikiwa nyuma yake, na msomaji anabofya ili asonge mbele. Kwa kawaida hadithi za namna hiyo humfikisha msomaji njia panda, achague la kusema au wa kumfuata, na mwisho hutegemea alichochagua. Hapa hakuna njia panda hata moja. Unabofya, sentensi nyingine inakuja, basi. Wapo wanaosema hiyo si gemu, ni kitabu kilichopambwa. Naona wamekosea mahali pa kulaumu, maana kunyimwa huko ndiko kunakoifanya iseme kweli kuhusu ugonjwa usiotibika kuliko tamthilia nyingi za machozi.

Setsumi, mwenye miaka 22, na kijana asiyetajwa jina wanakutana ghorofa ya 7 ya hospitali, wodi ya watu wasiotarajiwa kupona, kila mmoja na bangili nyeupe ya plastiki mkononi. Hawataki kufia pale, na nyumbani pia hawataki. Kijana anachukua funguo za gari la baba yake, wanashika barabara mpaka kisiwa cha Awaji, kwenye mashamba ya maua ya narsisi yanayochanua majira ya baridi. Setsumi ameugua tangu akiwa msichana mdogo, na miaka hiyo yote ameimaliza akisoma ramani na majina ya magari. Sasa ndiye anayeelekeza njia. Kataoka hana haja na sindano wala daktari anayetikisa kichwa. Anatuonyesha barabara, fedha zinazopungua, mazungumzo mafupi ya watu wasiozoeana. Hata picha zimebanwa kwenye ukanda mwembamba katikati ya skrini, na uso wa Setsumi tunauona kwa nadra.

Ghorofa hiyo haikutoka hewani. Mwaka 1951 Wajapani zaidi ya 8 kati ya 10 walifia nyumbani. Kufikia 2005, takriban 8 kati ya 10 walifia hospitalini. Kwa miaka mingi daktari aliyegundua saratani aliwaambia ndugu, mgonjwa mwenyewe akafichwa. Wodi ya kwanza ya kuwatunza wanaokaribia kufa ilifunguliwa mwaka 1981 tu, katika hospitali ya Seirei Mikatahara, Hamamatsu. Mtu aliyezoea kuamuliwa na wengine kila kitu, pamoja na kile anachoruhusiwa kujua, hana njia panda. Msomaji anayebofya bila kuchagua anaketishwa hapo hapo alipo mgonjwa.

Pingamizi zito ni mwisho wenyewe. Setsumi anakatisha uhai wake, kijana hamzuii, na yote hayo yanatokea penye maua, bahari na muziki mzuri: kifo cha postikadi. Hapo wakosoaji wana haki, tena zaidi ya wanavyodai. Maumivu karibu hayapo katika safari nzima, na hakuna anayeuliza kama dawa zingeweza kumpa Setsumi siku nyingine zenye nafuu. Uganda, kwa mfano, tangu daktari Anne Merriman aanzishe huduma ya Hospice Africa mwaka 1993, mofini ya maji imekuwa ikimfuata mgonjwa mpaka nyumbani kwake, na aliyetulizwa maumivu ana mengi ya kuchagua kuliko kufa tu. Siukubali mwisho ule kuwa ni dawa ya lolote.

Lakini wasomaji wengi wanakasirika kwa sababu nyingine: wanatafuta kitufe cha kumzuia, hakipo. Hasira hiyo ni ya ndugu wa mgonjwa, na sisi tunaijua vizuri, sisi tunaonong'ona koridoni na tukiingia wodini tunasema "utapona tu". Kitufe kingekuwepo, tungekibonyeza, Setsumi angegeuka zawadi ya ushindi wetu, na swali la alichotaka yeye lingezikwa.

Kataoka mwenyewe hakuridhika kuishia pale baharini. Mwaka 2007 alitoa sehemu ya pili inayorudi nyuma, Setsumi akiwa bado msichana, kwa Himeko, aliyekuwa akijitolea kuwahudumia wagonjwa wa ghorofa ya 7 kabla ya yeye mwenyewe kulazwa humo. Hawa wawili wanatoka pamoja, wanacheka, wanatimiza mambo ambayo Himeko anataka kuyafanya kabla ya kufa. Ni kazi bora kuliko ya kwanza, na anayetaka kuanza na moja aanze na hiyo.