Walimu tufundishwe kutunza programu za vishikwambi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nami nitoe dukuduku langu kuhusu vishikwambi tulivyogawiwa walimu baada ya Sensa ya Agosti 23, 2022. Shukrani kwa Serikali tulikwisha kuzitoa, sizirudii hapa.

Mwaka jana kishikwambi changu kilijaa. Nikaingia kwenye programu niliyowekea alama za darasa la sita, nikakuta maneno mawili: “Futa akiba” na “Futa data”. Kwa Kiswahili nilichokulia, akiba haiozi wala haichezewi. Nikaiacha akiba, nikafuta data. Alama za muhula mzima zikapotea! Siku nne nilikusanya madaftari upya, na watoto wawili waliokuwa wamehama sikuwapatia chochote.

Kumbe akiba inayosemwa pale ni mabaki tu ya kazi, hayana hasara yakifutwa. Vyombo hivi vinatumia Android, ambayo kiini chake ni Linux. Kila programu huja katika kifurushi chake (sisemi vifurushi vya bando) na hupewa chumba chake. Ukiiondoa programu, vilivyomo chumbani huondoka nayo. Chuoni tulifundishwa andalio la somo na zana za mabua na vizibo, haya hayakuwamo.

Linalonitisha zaidi ni vifurushi vinavyotumwa kwa WhatsApp na watu tusiowajua. Toleo jipya lisipokuwa na sahihi ya mtengenezaji wa kwanza, kifaa hulikataa. Mwalimu asiyejua huondoa la zamani ili hilo geni liingie, kisha huliruhusu kusoma namba zote za simu, za wazazi zikiwamo. Tukumbuke kwamba Novemba 2024 Benki Kuu ilipiga marufuku majukwaa na programu 69 za mikopo zisizo na leseni.

Ninaomba kila kata ipewe japo siku moja ya mafunzo. Orodha ya programu zilizokubaliwa ibandikwe ofisini kwa mwalimu mkuu, na vifurushi vyenyewe viletwe kwenye kadi ya kumbukumbu, maana huku kijijini bando la kuvipakua latoka mfukoni mwa mwalimu. Na wanaotafsiri maneno ya vyombo hivi watuulize kwanza sisi tunaoyasoma.

Wahusika watujibu kupitia ukurasa huu.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Mvumi (ya Kilosa, siyo ile ya Dodoma).